Mimea ya Nchi ya Joto Katika Milima Yetu ya Baridi
Hotuba ya Katibu wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Kumi



Nimepewa nusu saa. Bwana Mwenyekiti alitaka niseme habari za miaka kumi ya Chama chetu, lakini hesabu za miaka hiyo zitapigwa chapa katika kitabu cha ukumbusho, na kila mwenye kupenda atazisoma kwa nafasi yake. Naomba ruhusa niseme juu ya jambo litakalopigiwa kura leo alasiri, yaani pendekezo la kwamba Chama kitoe mikopo kwa kila mwanachama atakayeng'oa pareto yake, au kupunguza viazi, ili apande parachichi na kahawa katika mashamba ya juu. Fedha hizo ni akiba ya miaka kumi. Hatuna nyingine.

Waletao pendekezo hili si watu wa ndoto. Wameona yale ambayo sote tumeyaona. Wazee waliopo hapa wakumbuka asubuhi za Juni na Julai ambapo mtu aliamka akakuta bonde lote jeupe kana kwamba limemwagiwa unga, na maji ya beseni la nje yamefanya ngozi ya barafu. Hiyo ndiyo jalidi. Siku hizi asubuhi za namna hiyo zimepungua, na migomba yasimama nyuma ya nyumba ambazo zamani mgomba haukuota pasipo kunyauka. Nilipokuwa mtoto, embe lilikuwa tunda la safari. Baba alilileta kutoka bonde la Usangu likiwa limepondeka katika kikapu, nasi tukagombania kokwa.

Wataalamu wa mataifa mbalimbali, wafanyao kazi yao chini ya Umoja wa Mataifa, walitoa taarifa mwaka 2021 kwamba katika miaka ya 2011 hadi 2020 joto la dunia lilikuwa limezidi lile la miaka ya 1850 hadi 1900 kwa kadiri ya digrii 1.1. Digrii moja yaonekana ni kitu kidogo. Lakini sisi tu watu wa milima, nasi twajua kwamba mtu apandapo mita 100 kwenda juu, joto hupungua kwa nusu digrii na zaidi kidogo. Basi digrii moja ni sawa na shamba lako kuteremshwa chini mita 150 na ushei, nawe umelala usingizi kitandani mwako.

Hata mbali na hapa watu wafanya yale yale tunayotaka kuyafanya. Idara ya Kilimo ya Marekani hutoa ramani igawanyayo nchi yao katika kanda 13, kwa kuutazama usiku wenye baridi kuliko zote katika mwaka. Kila kanda ni ya digrii 10 za Farenhaiti, nayo imekatwa nusu mbili. Ramani ya mwaka 2023, ambayo hesabu zake ni za miaka 1991 hadi 2020, ilipolinganishwa na ile ya mwaka 2012, ilionekana kwamba karibu nusu ya nchi imeingia katika nusu ya kanda yenye joto zaidi. Kusini mwa jimbo la Georgia, mahali ambapo watu hawakuzoea kulima machenza ya kuuza, sasa mashamba ya machenza yapo. Katika kisiwa cha Sicily, nchini Italia, wakulima wamepanda maembe na maparachichi. Na huko Uingereza, nchi ya mvua na ukungu, wenye divai wa Taittinger kutoka Champagne walianza kupanda mizabibu katika wilaya ya Kent mwaka 2017. Mfaransa kwenda kutafuta zabibu kwa Mwingereza! Mzee wangu mmoja nilipomsimulia hayo aliniuliza kama nimelewa.

Naam, ndugu zangu, hoja ya pendekezo ni ya kweli. Lakini iangalieni vizuri ile ramani ya Marekani. Wao huchukua usiku mmoja wa baridi kali katika kila mwaka, kwa miaka thelathini, wakazijumlisha na kuzigawanya. Sasa mparachichi haujui kugawanya kwa thelathini. Mwezi wa Februari mwaka 2021 baridi ilishuka hata bonde la Rio Grande, kusini kabisa mwa Texas, ikaharibu machungwa na mabalungi yaliyokuwa bado mitini. Mwezi wa Aprili mwaka huo huo, mizabibu na miti ya matunda ya Ufaransa, ambayo ilikuwa imedanganywa na joto la Machi ikachipua mapema, ilipigwa na jalidi kwa usiku kadhaa, na mavuno mengi yakapotea. Someni hapo kwa makini. Mizabibu ile haikuwa migeni Ufaransa. Joto lenyewe ndilo lililoiita itoke nje kabla ya wakati wake, kisha baridi ikaikuta mlangoni.

Niruhusuni niwatajie mahali pengine pamoja ambapo habari yake ilifika mpaka katika mifuko ya wakulima wa Afrika Mashariki. Katika nchi ya Brazil kuna jimbo liitwalo Paraná, nalo liko upande wa kusini, palipo na baridi kuliko nchi ya kahawa ya zamani. Ardhi yake ni nyekundu na yenye rutuba, nao watu walimiminika huko kwa maelfu, wakafyeka misitu na kupanda kahawa, hata jimbo hilo likawa latoa sehemu kubwa sana ya kahawa yote ya Brazil. Jalidi ilikuja mara kwa mara, wakapata hasara, wakapanda tena. Kisha tarehe 18 Julai 1975 ulikuja usiku mmoja ulioua mikahawa ya Paraná karibu yote. Mavuno ya mwaka uliofuata yakawa kama si kitu. Wenye mashamba makubwa wakageukia soya na ngano, mazao yalimwayo kwa trekta, na vibarua kwa wingi wakakosa kazi wakaenda mijini. Kahawa haikurudi tena Paraná kwa ukubwa ule.

Bei ya kahawa duniani ilipanda hata ikafika kileleni mwaka 1977, na mkulima wa Kilimanjaro au wa Kagera alisikia habari za jalidi ya Brazil pasipo kujua ni kitu gani. Huku kwetu Tanzania vyama vikuu vya ushirika vilikuwa vimevunjwa mwaka 1976, bei ikiwa yapanda, na mazao yakawekwa mikononi mwa mamlaka za mazao. Vyama vikuu havikurudi mpaka baada ya sheria ya mwaka 1982. Hilo lina hotuba yake, nami naliacha. Nataka tu mkumbuke kwamba mtu wa Paraná hakuwa mjinga. Alikuwa na ardhi nzuri, na mti wenye bei, na miaka mingi iliyopita salama.

Sasa narudi nyumbani, nami yanipasa niseme jambo ambalo baadhi yenu mwalijua na wengine hamlijui.

Katika mwaka wa nne wa Chama hiki, mimi nikiwa bado katibu wa chama chetu cha msingi, wanachama 43 walichukua mkopo wa miche ya parachichi ya Hass, wengi wao miche 60 kila mmoja. Mashamba tuliyachagua pamoja. Tuliyachagua bondeni kando ya mto, kwa kuwa pale pana tambarare, na udongo mweusi, na maji ya kumwagilia hayako mbali. Muuza miche alituambia kwamba baridi ya zamani imekwisha. Bibi mmoja, jirani yetu, ambaye leo ameketi katika safu ya pili na natumaini ataniwia radhi, alinikuta nikipima mistari, akaniambia, "Mjukuu wangu, huko bondeni maharage yetu yalikuwa yakiungua kila Juni, wala hatukuwasha moto." Nami nilikuwa na karatasi mkononi yenye tarakimu. Nikamjibu, "Bibi, dunia imebadilika." Hakunijibu. Alichukua kuni zake akaenda.

Majira mawili ya baridi yakapita salama, na miti ikafika kimo cha mtu. Katika mwaka wa saba, mwezi wa Julai, ulikuja usiku usio na wingu wala upepo. Asubuhi majani ya nyasi yalikatika chini ya miguu yetu kwa sauti. Hata adhuhuri miti ilionekana kana kwamba imemwagiwa maji ya moto, na siku ya tatu ilikuwa myeusi. Wanachama 31 kati ya wale 43 walipoteza zaidi ya nusu ya miti yao. Wengine walikata mashina siku ile ile kwa uchungu, kumbe ingefaa kungoja mpaka machipukizi yaonyeshe ni wapi palipokufa na wapi palipo hai. Wengine waliona shina lachipua kwa chini wakafurahi, wakalitunza, kumbe machipukizi yametoka chini ya mahali palipobebeshwa, na mti uliomea si Hass tena bali ni ule wa mbegu tu. Mkopo haukuungua. Mpaka leo wako wanachama wanaokatwa fedha hizo katika viazi vyao, na mmoja aliuza ng'ombe wake wa maziwa. Hati za mikopo ile zina sahihi yangu.

Yuko mzee mmoja aliyechelewa siku ya kugawa miche, naye alipokuja mashamba ya bondeni yalikuwa yamekwisha gawanywa. Alipanda miche yake juu, katika mteremko wenye mawe, hatua 80 tu kutoka yale mashamba yetu, nasi tulimhurumia. Miti yake haikupata hata jani moja jeusi, na sasa anauza.

Niliitafuta sababu, nayo si ya uchawi. Usiku usio na wingu ardhi hupoteza joto lake likapanda juu angani, na hewa iliyo karibu na ardhi hupoa. Hewa ya baridi ni nzito kuliko ya joto; basi huteremka polepole kama maji, ikafuata makorongo, ikajaa bondeni ikatulia. Yule aliye katikati ya mteremko huachiwa hewa iliyo na joto zaidi, na aliye chini kabisa huogelea katika baridi, ingawa mashamba yao yatazamana. Kwa hiyo kusema "mashamba ya juu" na "mashamba ya chini", kama pendekezo lisemavyo, hakutoshi. Yatupasa kujua hewa yapita wapi. Hata ua wa miti uliopandwa kwa kukingama chini ya shamba waweza kuizuia hewa ya baridi kama boma lizuiavyo maji, na shamba zima likawa bwawa. Ua kama huo huachiwa mlango upande wa chini. Na nyasi tunazotandaza shambani kwa kulinda unyevu, ambazo ni jema kubwa wakati wa kiangazi, huuzuia udongo usitoe joto lake usiku wa jalidi. Ardhi iliyo wazi na yenye unyevu huhifadhi joto la mchana vizuri zaidi. Miche ya miaka miwili ya kwanza yaweza kujengewa vibanda vya nyasi.

Halafu kuna habari ya mti wenyewe. Mwaka 1911 kitalu kimoja cha California kilimtuma kijana aitwaye Carl Schmidt aende Mexico kutafuta maparachichi bora. Alileta vikonyo vya miti mingi, vikabebeshwa na kupewa namba. Mwezi wa Januari mwaka 1913 baridi kali ikaipiga California, ikaua miche mingi ya kitalu kile, lakini mti namba 15, uliotoka mji wa Atlixco penye miinuko, ukapona. Wakaupa jina la Fuerte, maana yake kwa Kihispania ni "wenye nguvu". Ndiyo Fuerte hii hii tuijuayo, yenye ngozi laini ya kijani. Hass ilikuja baadaye, nayo hati yake ilitolewa mwaka 1935. Wanunuzi wa ng'ambo huipenda Hass kwa kuwa ngozi yake ngumu huvumilia safari, na bei yake ni nzuri zaidi; lakini katika baridi Fuerte huvumilia kuliko Hass. Tena maua ya miti hii miwili hufunguka kwa zamu tofauti, hata mmoja humsaidia mwenziwe kuzaa. Mtu apandaye Hass tupu kwa ajili ya bei anakataa msaada anaopewa bure.

Kuhusu kahawa nitasema machache. Wenzetu walio chini wana haki ya kutaka kupanda juu. Watafiti waliochapisha kazi yao mwaka 2015 walikadiria kwamba kila digrii moja ya kuongezeka kwa joto la usiku hupunguza mavuno ya arabika nchini Tanzania kwa kilo 137 hivi kwa hekta, na ruhuka, yule mdudu atoboaye buni, hupenda joto. Lakini anayehamisha kahawa kwenda juu anamkimbia ruhuka na kumkuta chulebuni, maana ugonjwa huo hupenda ubaridi na mvua, na ni mkali zaidi katika sehemu za juu. Basi asichukue miche ya jirani kwa kuwa ni ya bure; achukue aina zilizochaguliwa kwa kuuvumilia ugonjwa huo, ambazo Taasisi ya Utafiti wa Kahawa kule Lyamungu imezitoa. Na tena, juu ya mashamba yetu ya juu kuna nini? Kuna msitu, na ndani ya msitu ndimo mito yetu inamotoka. Kahawa yaweza kupanda mpaka kwenye ukingo wa msitu, haina pengine pa kwenda. Nimekwisha kusikia watu wawili watatu wakiulizia mpaka ule uko wapi hasa, na sikupenda namna walivyouliza.

Mwaweza kuniuliza, je, Katibu ataka tubaki na pareto yetu mpaka kufa? Hapana. Pareto nayo ni mtoto wa baridi. Bila ya kipindi cha baridi haifanyi vitumba vya maua vya kutosha, na mkulima hupata majani mazuri ya kutazama. Joto likiendelea, yule asiyebadilisha kitu naye ana hasara yake, ila yake huja polepole, haiji usiku mmoja. Ndiyo maana siwezi kusimama hapa nikasema pendekezo likataliwe. Ningelisema hivyo ningekuwa nawalinda kwa woga wangu mwenyewe.

Naomba lirekebishwe. Asipewe mkopo mtu kwa shamba lililo bondeni, mpaka kipimajoto kimekaa katika shamba hilo kwa majira mawili ya baridi na daftari limeonwa na Halmashauri. Wala asipewe mkopo mtu yeyote kwa zaidi ya robo ya ardhi yake; robo ikiungua, nyumba haifi njaa. Maneno "atakayeng'oa pareto yake" yafutwe kabisa, kwa sababu Chama hakina haki ya kumlipa mtu ili aharibu zao analolijua. Na kabla ya kupima shamba lolote, waulizwe wazee wa mahali hapo, hasa akina mama, maana wao ndio waliokuwa wakilima maharage bondeni, nao wajua kila shimo ambalo jalidi hulala.

Kisha lipo la mwisho, nami naona Bwana Mweka Hazina ananitazama. Wale wanachama 31 walipanda mahali nilipowaonyesha. Naomba Mkutano huu uwafutie riba yote iliyobaki, na deni lenyewe waendelee kulilipa kwa miaka mitano badala ya miwili. Nimepiga hesabu. Faida ya mwaka huu yatosha, ila tu mgawo wa kila mwanachama utapungua kidogo, wangu ukiwamo. Mkikataa sitanung'unika, lakini nataka likataliwe kwa kura, mbele yao, wakiwa wameketi hapa.

Vipimajoto 14 vimekwisha fika, kimoja kwa kila chama cha msingi, navyo ni vya namna ile inayobakiza alama mahali baridi iliposhuka chini kabisa. Vimo ndani ya sanduku ofisini kwangu. Kila chama kitume mtu mmoja kesho kabla ya saa nne, awe na barua ya katibu wake, na awe mtu anayeamka mapema, kwa kuwa daftari litajazwa kila siku alfajiri kabla jua halijagusa majani. Kipimajoto kisitundikwe ukutani mwa nyumba, maana ukuta huhifadhi joto na kitasema uongo. Kifungwe katika mti wa kiguzo katikati ya shamba, kwa kimo cha tumbo la mtu, na juu yake kifunikwe na ubao mdogo. Juni haiko mbali.